Pak Se-ri na Safari Yake ya Gofu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Pak Se-ri ni nani?

Pak Se-ri ni mchezaji gofu wa kulipwa mstaafu kutoka Korea Kusini, aliyezaliwa tarehe 28 Septemba 1977 katika jiji la Daejeon. Kati ya mwaka 1998 na 2010 alishinda mashindano 25 ya LPGA, mfululizo wa mashindano ya wanawake wa kulipwa wenye makao yake Marekani, na matano kati ya hayo yalikuwa yale yanayohesabiwa kuwa mashindano makuu. Wakorea hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Pak Se-ri wa magazeti ya Seoul na Se Ri Pak wa orodha za matokeo za Marekani ni mtu mmoja.

Wapo wanawake walioshinda mengi kuliko yeye, akiwemo Annika Sörenstam wa Sweden na Karrie Webb wa Australia, ambao alicheza nao zama moja. Hata hivyo, ni vigumu kumtaja mwanamichezo mwingine wa gofu ambaye ushindi wake wa msimu mmoja uliwaingiza watoto wengi kiasi hicho katika mchezo ambao familia zao hazikuwa na historia nao. Majibu yaliyo hapa chini yanatoa nafasi kubwa zaidi kwa msimu huo na kwa gharama aliyoilipa mwenyewe baadaye, kwa sababu mambo hayo mawili hayatenganishiki.

Aliingiaje katika gofu?

Alianza na riadha. Shuleni alikuwa mkimbiaji, na miguu yenye nguvu aliyoijenga huko ilimfaa sana baadaye, kwa kuwa mkwaju mrefu wa gofu huanzia miguuni kabla haujafika mikononi. Baba yake, aliyeupenda mchezo huu, ndiye aliyemtia fimbo mkononi na kumsimamia mazoezini kwa ukali ambao umezungumzwa sana: kulipambazuka akiwa anapanda na kushuka ngazi za jengo la ghorofa walilokuwa wakiishi, na husimuliwa kwamba usiku alipelekwa kufanya mazoezi karibu na makaburi ili azoee kuushinda woga.

Mwaka 1992, akiwa bado mwanafunzi na mchezaji wa ridhaa, alishinda shindano la wanawake wa kulipwa nchini mwake. Aliingia rasmi katika gofu ya kulipwa mwaka 1996, akashinda mashindano sita ya nyumbani ndani ya misimu miwili, na kwa udhamini wa kampuni ya Samsung akahamia Florida kufundishwa na David Leadbetter, mmoja wa makocha waliosifika zaidi wakati huo. Mwishoni mwa 1997 alifanya mchujo wa kuingia LPGA na kumaliza kileleni sawa na Mmarekani Cristie Kerr.

Je, yeye ndiye Mkorea wa kwanza kushinda shindano la LPGA?

Hapana. Heshima hiyo ni ya Ku Ok-hee, aliyeshinda huko Arizona mwaka 1988, mwaka uleule ambao Seoul iliandaa Michezo ya Olimpiki. Wakati huo gofu nchini Korea ilikuwa mchezo wa watu wachache wenye fedha, na macho ya taifa yalielekea kwenye Olimpiki, hivyo ushindi wake ulipita bila kelele. Ku alifariki mwaka 2013, na anastahili kutajwa kila mara habari hii inaposimuliwa. Pak alikuwa Mkorea wa kwanza kushinda shindano kuu.

Ni nini hasa kilichotokea mwaka 1998?

Ulikuwa msimu wake wa kwanza LPGA, na miezi yake ya mwanzo haikuwa na chochote cha kustaajabisha. Kisha, mwezi Mei, akiwa na umri wa miaka 20, alishinda LPGA Championship huko Delaware baada ya kuongoza tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kuanza na shindano kuu kama ushindi wako wa kwanza ni jambo la nadra, lakini lililofuata Julai ndilo lililobaki katika kumbukumbu za watu.

US Women's Open ya mwaka huo ilichezwa Blackwolf Run, mjini Kohler, jimbo la Wisconsin, katika uwanja mgumu kiasi kwamba baada ya mashimo 72 waliokuwa kileleni walikuwa wametumia mikwaju 290, yaani sita zaidi ya kiwango cha uwanja, ambacho ni idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji mzuri. Pak alikuwa amekwishamaliza raundi yake wakati Jenny Chuasiriporn, mchezaji wa ridhaa mwenye asili ya Thailand, aliyekuwa na miaka 20 vilevile, alipoingiza mpira kutoka mbali sana kwenye shimo la mwisho na kumfikia. Kanuni za wakati ule zilitaka waliofungana warudi siku iliyofuata kucheza mashimo mengine 18, kwa hiyo Jumatatu ya tarehe 6 Julai wasichana hao wawili walikutana tena uwanjani.

Walifika shimo la 18 wakiwa sawa. Mkwaju wa kwanza wa Pak ulikwenda kushoto, mpira ukateremka na kunasa katika majani marefu ya ukingo ulioinamia bwawa, hatua chache tu juu ya maji. Angeweza kukubali adhabu ya mkwaju mmoja na kuuweka mpira mahali salama, na watu wengi wangefanya hivyo. Aliutazama kwa muda mrefu, akazunguka, akarudi, kisha akaketi na kuvua viatu na soksi. Alipoingia majini, watazamaji waliona nyayo nyeupe kabisa chini ya miguu iliyobabuliwa na jua hadi kwenye mstari wa soksi, na mstari huo ulieleza saa alizokaa mazoezini kuliko hotuba yoyote. Aliupiga mpira ukatoka, ukavuka hadi nyasi za upande wa pili. Hakulimaliza shimo hilo katika kiwango, lakini mpinzani wake naye alipoteza mkwaju mmoja, na wote wawili wakawa wametumia mikwaju 73 siku hiyo.

Ikabidi waendelee shimo moja moja, atakayelishinda shimo achukue taji. La kwanza walitoka sare. Kwenye la pili Pak aliingiza mpira kwa mkwaju mmoja pungufu ya kiwango, na shindano likaisha baada ya mashimo 92. Hakuwahi kupatikana bingwa wa shindano hilo mwenye umri mdogo kuliko yeye hadi miaka kumi baadaye.

Siku nne tu baada ya Jumatatu hiyo, huko Ohio, alicheza raundi ya mikwaju 61, ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya LPGA, akashinda shindano hilo la Jamie Farr kwa tofauti ya mikwaju tisa. Alimaliza msimu na mataji manne na tuzo ya mchezaji bora kati ya walioanza msimu huo.

Kwa nini picha ya Pak akiwa majini ilikuwa na uzito mkubwa nchini Korea?

Kwa sababu ya wakati iliyopatikana. Mwezi Novemba 1997 serikali ya Korea Kusini ililazimika kuomba mkopo wa dharura kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa baada ya sarafu yake kuporomoka. Makampuni makubwa yalianguka, na wafanyakazi waliozoea kuamini kwamba ajira ni ya maisha walirudishwa nyumbani. Wananchi walipanga foleni kutoa pete na mikufu yao ya dhahabu ili iyeyushwe kusaidia kulipa deni la taifa.

Katika hali hiyo, usiku wa manane kwa saa za Korea, familia zilikaa mbele ya televisheni kumtazama binti wa miaka 20 akiukataa uamuzi rahisi na kuingia majini. Baadaye picha hizo zilirushwa tena na tena katika tangazo la kuwatia wananchi moyo. Naamini ni makosa kusema kwamba aliiokoa nchi, maana uchumi hauponywi na gofu, na walioubeba mzigo halisi ni wale waliopoteza kazi. Lakini ni kweli kwamba katika mwaka ambao habari njema zilikuwa adimu, yeye alikuwa habari njema, na Wakorea waliokuwa watu wazima wakati huo huuzungumzia usiku ule kwa namna wanavyozungumzia mambo ya familia zao.

Umaarufu huo ulimfanyia nini yeye mwenyewe?

Ulimchosha mapema. Aliporudi nyumbani baada ya msimu wa 1998 alizungushwa kwenye hafla na mahojiano hadi akalazwa hospitalini kwa uchovu, na hata huko kamera zilimfuata. Alikuwa amefika Marekani akijua Kiingereza kidogo sana, akiishi mbali na nyumbani, huku taifa zima likisubiri matokeo yake kila Jumatatu asubuhi. Mara alipomaliza shindano bila kushinda, magazeti yalihoji ana nini.

Miaka yake bora ilikuwa ipi?

Ukiweka kando 1998, ni 2001 hadi 2003. Mwaka 1999 alishinda mara nne, mwaka 2000 hakushinda kabisa, kisha akashinda mara tano mwaka 2001 na mara tano tena mwaka 2002. Taji la Women's British Open alilolipata Sunningdale, Uingereza, mwaka 2001 lilikuwa la kwanza tangu shindano hilo lipandishwe daraja kuwa kuu, na aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Mkorea mwenzake, Kim Mi-hyun, jambo ambalo miaka minne tu kabla lisingefikirika. Mwaka 2002 alitwaa LPGA Championship kwa mara ya pili. Mwaka 2003 alipata mataji matatu pamoja na tuzo ya Vare, inayotolewa kwa mwenye wastani mdogo zaidi wa mikwaju kwa raundi katika msimu mzima.

Ni wazi kwamba idadi yake ya mataji ingekuwa kubwa zaidi kama asingekutana na Sörenstam akiwa katika kilele chake. Pak hakuwahi kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka.

Je, aliwahi kushindana na wanaume?

Ndiyo. Mwezi Oktoba 2003 alicheza katika shindano la wanaume wa kulipwa nchini Korea, akavuka mchujo wa raundi mbili za mwanzo na kumaliza akiwa sawa katika nafasi ya 10. Tangu Mmarekani Babe Zaharias mwaka 1945, hapakuwa na mwanamke aliyevuka mchujo wa aina hiyo.

Kwa nini kiwango chake kilishuka mwaka 2004 na 2005?

Mwezi Mei 2004 alishinda shindano la Michelob Ultra Open huko Virginia, na kwa ushindi huo akakamilisha alama zilizohitajika kuingia katika Jumba la Heshima, linaloenzi wachezaji bora wa gofu. Lilikuwa lengo alilojiwekea tangu mwanzo, na baada ya kulifikia mchezo wake ulivunjika. Mikwaju ya mwanzo ilipotea kulia na kushoto, raundi za mikwaju zaidi ya 80 zikaanza kuonekana, na mwaka 2005 jeraha la kidole lilimaliza msimu wake mapema huku jina lake likiwa chini sana katika orodha ya mapato.

Yeye mwenyewe ameeleza mara kadhaa kwamba tatizo halikuwa mkono. Alifundishwa kufanya mazoezi, hakufundishwa kupumzika, na alipokwama alijua dawa moja tu, ambayo ni kuongeza mazoezi, hali iliyozidi kumharibia. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu ya maisha yake inayostahili kusomwa na kila mzazi na kila kocha anayesifu ukali wa malezi aliyopitia, kwa sababu malezi yaleyale yaliyomfikisha Blackwolf Run yalimwacha bila njia ya kutoka alipochoka.

Alirudi tena?

Alirudi, na kwa namna iliyopendeza. Mwezi Juni 2006, katika LPGA Championship iliyochezwa Bulle Rock, jimbo la Maryland, alifungana na Karrie Webb na wakarudi shimo la 18 kuamua mshindi. Akiwa umbali wa yadi 200 hivi, mbele yake maji, Pak alipiga mkwaju uliotua kwenye griini, yaani eneo la nyasi fupi linalozunguka shimo, ukajiviringisha na kusimama inchi chache kutoka kwenye kikombe. Kilichobaki kilikuwa kuugusa tu uingie. Hilo lilikuwa taji lake kuu la tano na la mwisho. Mwaka 2007 alishinda Jamie Farr kwa mara ya tano, na mwaka 2010, huko Alabama, akapata ushindi wake wa 25 baada ya kuwashinda Suzann Pettersen na Brittany Lincicome katika mashimo ya ziada.

Jumba la Heshima lilihesabuje alama?

Utaratibu wa LPGA wa wakati huo ulitaka alama 27: moja kwa kila ushindi wa kawaida, mbili kwa kila shindano kuu, na moja kwa tuzo ya Vare au ya mchezaji bora wa mwaka. Hadi Mei 2004 Pak alikuwa na ushindi wa mashindano 22, manne yakiwa makuu, pamoja na tuzo moja ya Vare, ambazo jumla yake ni 27 kamili. Lakini kanuni ilidai pia misimu kumi ya kucheza, hivyo alisubiri hadi mwaka 2007, akaingizwa akiwa na umri wa miaka 30. Sharti hilo la misimu kumi liliondolewa mwaka 2022.

Ni taji gani kubwa alilolikosa?

Ni lile la Mission Hills, California, lililoitwa Kraft Nabisco kwa sehemu kubwa ya wakati wake. Angelipata, angekuwa amekusanya mashindano yote manne yaliyohesabiwa kuwa makuu kati ya mwaka 2001 na 2012. Mwaka 2014, akiwa na miaka 36, aliingia siku ya mwisho akiwa karibu na waliokuwa wakiongoza, lakini Lexi Thompson akatwaa taji.

"Watoto wa Se-ri" ni akina nani?

Ni wasichana wa Korea walioanza gofu baada ya kumwona mwaka 1998, wengi wao wakiwa wamezaliwa kati ya 1986 na 1990. Park In-bee, anayejulikana kimataifa kama Inbee Park, alikuwa hajatimiza miaka kumi usiku ule; aliamshwa na sauti za wazazi wake waliokuwa wakishangilia mbele ya televisheni, na muda mfupi baadaye akashika fimbo. Mwaka 2008 alishinda US Women's Open akiwa na miaka 19 na kuivunja rekodi ya umri ya Pak. Shin Ji-yai, mwenye umri kama wake, alipanda hadi nafasi ya kwanza duniani mwaka 2010.

Kati ya mwaka 2008 na 2013 US Women's Open ilichezwa mara sita, na mara tano ilichukuliwa na Wakorea: Inbee Park mara mbili, Ji Eun-hee, Ryu So-yeon na Choi Na-yeon. Ushindi wa Choi mwaka 2012 ulipatikana Blackwolf Run, na Pak mwenyewe alikuwepo kando ya shimo la 18 kummwagia shampeni. Baada yao walifuata Chun In-gee, Park Sung-hyun, na Ko Jin-young, ambaye mwaka 2023 aliipita rekodi ya Lorena Ochoa wa Mexico ya wiki 158 akiwa nambari moja duniani.

Je, mfano wake pekee unatosha kueleza mafanikio ya Korea?

Hautoshi, na wanaoishia hapo wanawanyima haki watu wengine waliofanya kazi. Ligi ya nyumbani, KLPGA, ilikua na kuwa na ushindani mkali kiasi kwamba anayeishinda tayari ameiva. Makampuni yalianza kudhamini hata wachezaji chipukizi. Viwanja vya mazoezi vya ghorofa kadhaa vilivyozungushiwa nyavu viliwezesha mtoto wa mjini kupiga mamia ya mipira kwa siku bila kukanyaga uwanja kamili, ambao gharama yake ni kubwa. Na wapo wazazi walioacha kazi au kuuza mali ili kumsindikiza binti mmoja, uamuzi uliozaa mabingwa wachache na bila shaka maumivu mengi ambayo hayaandikwi popote.

Mafanikio hayo hayakupokewa vizuri na kila mtu. Mwaka 2008 uongozi wa LPGA ulitangaza kwamba wachezaji wa kigeni wangesimamishwa wasipoweza kuzungumza Kiingereza kwa kiwango fulani, wakati ambapo Wakorea walikuwa zaidi ya 40 katika ligi hiyo. Lawama zilikuja kutoka kila upande, na mwezi uliofuata adhabu hiyo ikafutwa. Pak alikuwa amekwishajifunza lugha hiyo kwa miaka kumi bila mtu kumlazimisha.

Alistaafu lini, na anafanya nini?

Alitangaza mwezi Machi 2016 kwamba huo ungekuwa mwaka wake wa mwisho. Mwezi Agosti alikuwa kocha wa timu ya wanawake ya Korea katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, ambako gofu ya wanawake ilirudi kwa mara ya kwanza tangu Paris mwaka 1900, na Inbee Park, aliyekuwa ametoka kuuguza kidole gumba, akatwaa dhahabu kwa tofauti ya mikwaju mitano. Tarehe 13 Oktoba alicheza raundi yake ya mwisho huko Incheon, akatumia mikwaju 80, na akalia waziwazi huku mashabiki na wachezaji wenzake wakimpokea kwenye shimo la 18.

Aliiongoza tena timu ya taifa katika Olimpiki ya Tokyo, ameonekana sana katika vipindi vya burudani vya televisheni ya Korea, alipewa tuzo ya Bob Jones ya mwaka 2020 na chama cha gofu cha Marekani, na mwaka 2024 shindano la LPGA huko California lilichezwa kwa jina lake. Mshindi alikuwa Nelly Korda.

Kati yake na Inbee Park, nani mkubwa zaidi?

Swali hili huzua ubishi mrefu. Kwa mashindano makuu, Inbee Park anaongoza kwa saba dhidi ya matano, na mwaka 2013 alishinda matatu ya kwanza ya msimu mfululizo, kazi ambayo Pak hakuikaribia. Ana pia dhahabu ya Olimpiki. Kwa jumla ya mataji ya LPGA, Pak anaongoza kwa 25 dhidi ya 21. Mimi ningemchagua Inbee Park kama mchezaji, hasa kwa utulivu wake kwenye griini, ambao sijaona mwanamke mwingine aliyemfikia. Lakini Inbee alipofika Marekani alikuta wadhamini, makocha, wenzake wa kuzungumza nao lugha yake, na wasimamizi wa mashindano waliokwishajua kulitamka jina la Mkorea. Pak aliyakosa yote hayo mwaka 1998, na mataji yake ya msimu ule lazima yahesabiwe pamoja na hali hiyo.